Mimi Nilishika Kamba Tu

...asiseme Amina bado, Bwana, mwongezee pumzi mtumishi wako, kila siku namnung'unikia Mwinjilisti Elirehema kwa maombi yake marefu, nawanong'oneza wazee wenzangu kwamba chai inapoa, na leo mimi huyu huyu namwombea aendelee, awataje maaskofu wote mmoja mmoja, aende mpaka Yerusalemu na kurudi kwa miguu, maana akisema Amina tu macho ya watu yatafumbuka, na Parsimei aliyekaa pale karibu na mlango atasimama, atarekebisha shuka begani, ataniita lile jina mbele ya Mama Sylvesta, nami sina pa kuuficha uso, sebule yenyewe imejaa makochi na vitambaa vya kufuma hata pa kupitisha goti hakuna... "tunakushukuru kwa nyumba hii, Baba, kwa mlango wake usiofungwa mbele ya mhitaji"... ndiyo, mlango haufungwi, ungefungwa leo ningeshukuru zaidi, Parsimei angebaki nje na ng'ombe wake. Nimefumba macho lakini nawaona wote, huyo Mama Sylvesta mwenye nyumba, mjane, mwenye mashine ya kusaga na lori aliloachiwa na marehemu, ameinama na kile kitambaa chake cheupe kichwani, anaitikia "ee Bwana" polepole kama mtu anayepuliza moto, na Sylvesta mwanawe ameingia na suruali ya grisi, amekalia gazeti asichafue kochi, na Patrisi mwenye shamba la ngano anapumua kwa pua, na mwinjilisti katikati, na mimi Elisaria, mzee wa kanisa, ambaye kikao hiki nimekiitisha mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Kumbe mtu anaweza kujichimbia shimo na akaalika wageni waje waone.

Lilianza vizuri, Bwana unajua lilianza vizuri, Mchungaji aliniita baada ya ule ukame, mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala mpaka pembeni mwa barabara ya Ngorongoro na harufu inashuka na upepo, akaniambia, "Mzee Elisaria, wenye nacho wa usharika huu wanatoa kama mvua ya mawe, inapiga shamba moja na kuruka jingine, anayelia sana getini ndiye anapata, asiyejua kulia anakufa kimya. Nenda ukae nao, nyumba kwa nyumba, uwasaidie kupanga." Mimi! Darasa la nne, kiduka cha chumvi na viberiti, na viberiti vyenyewe siku hizi havionekani, mimi nikae na watu wenye malori niwapangie namna ya kutoa. Nilisema sifai, nikasema mara mbili, lakini moyoni nilikuwa nimeshavaa koti, nisamehe, nilikuwa nimeshajiona nimekaa kwenye kochi kama hili natengewa kikombe chenye maua. Na nikaenda, nikawafundisha, nikasema nyumba nzima ikae pamoja, baba na mama na vijana na wakwe, waamue watamsaidia nani na kwa kitu gani na kwa muda gani, ili kesho asitokee mtoto wa kusema mali ya baba ilitapanywa, na tena nikasema mkulima mpe mbegu, mfugaji mpe cha kufuga, usimpe mfugaji gunia la mahindi ukadhani umemwinua, umemlisha tu. Watu wakasema mzee huyu ana hekima. Na kanuni yangu kubwa kuliko zote, niliipenda kuitamka, nilikuwa nashusha sauti kabisa, ilikuwa lile neno la mkono wa kuume na mkono wa kushoto, kwamba anayetoa asijulikane, sadaka ipite kanisani, anayepokea aseme asante Mungu basi.

Patrisi peke yake aliipinga, hata leo kabla hatujainamisha vichwa ameipinga, "Mzee Elisaria, mimi nikitoa nataka kibao ukutani, PATRISI NA FAMILIA, herufi kubwa, mtu akiingia kanisani asome kabla hajakaa," na Sylvesta akacheka, "Mzee Patrisi, si uwekewe na picha kabisa?" na Patrisi, "Na picha, kijana, kwani sura yangu ina kasoro gani?" tukacheka wote, nami nikacheka kwa sauti ya mtu asiye na neno moyoni, huku nje nasikia kengele ya ng'ombe wa Parsimei, nglung, nglung, pale ukutani kwenye majani... "uwakumbuke wasafiri, Baba, magari yao, breki zao, mataili yao usiku na mchana"... aendelee, afike kwenye springi na boliti, asiruke hata boliti moja.

Mama Sylvesta yeye aliipokea kanuni yangu kama dawa. Tulikuwa wawili tu jikoni kwake, anachambua maharage, akasema, "Mzee, nina yule ng'ombe wangu mwekundu wa paji jeupe, ana mimba, nataka aende kwa mtu aliyemaliza wote kwa ukame. Lakini asijue mtu. Hata Sylvesta asijue." Nikasema mama, nyumba nzima inatakiwa ikae pamoja, akasema nyumba nzima nitakaa nayo kwa mambo mengine, hili niachie, mwaka uliopita watu wenye vitu walikuwa wanaamka asubuhi wanahesabiwa kama wahujumu uchumi, mtu alizika sukari yake shambani kama maiti, mimi mjane, nikionekana nagawa ng'ombe watasema anazo ngapi huyu, amezipata wapi. Na kweli nilimwelewa, uoga wake na imani yake vilikuwa vimesukwa pamoja kama ukili, huwezi kuvuta kimoja ukaacha kingine. Sylvesta aliporudi na lori akaambiwa ng'ombe amepelekwa Machame kwa shangazi. Hata mimi nilitikisa kichwa kwamba ndiyo, Machame, majani mazuri kule. Na yule mnyama alikuwa kipenzi, amezaliwa kwenye banda lile nyuma ya jiko, amekuzwa kwa pumba kutoka mashineni, Mama Sylvesta alikuwa hamwiti jina lolote ila "mama," "njoo mama," "simama vizuri mama," na siku ile alfajiri alipomfungua alimwambia "nenda mama" kisha akaingia ndani haraka, hakutazama nyuma, nikabaki na kamba mkononi.

Nilishika kamba tu. Hilo nalisema kila siku nikipiga magoti, nilishika kamba tu, nikampandisha mlimani mpaka kwa Parsimei karibu na msitu, mtu aliyekuwa na zizi ukiliangalia asubuhi huoni mwisho wa pembe, sasa limebaki lina mavi makavu na mbuzi wa kuhesabu bila kuinua macho. Alimzunguka yule ng'ombe, akampapasa tumbo, akamtazama meno, kisha akaniuliza, "Huyu ametoka kwa nani?" Nikasema ametoka kwa Mungu. Nilijiona nimejibu vizuri. Akacheka, mkewe Naserian naye akacheka mlangoni, Parsimei akasema, "Mungu sisi tunamwita kila siku, hata bila ng'ombe. Mimi nauliza mtu. Nikikutana naye njiani nimwite nani?" Kwa sababu kwao Wamaasai ndivyo ilivyo, mtu akikupa ng'ombe hamwitani tena kwa majina mliyopewa na wazazi, wewe unamwita Pakiteng na yeye anakuita Pakiteng, yaani wewe na mimi ni wa ng'ombe mmoja, mpaka mmoja wenu afe, na watoto wenu wanajua, na shida ikija usiku unajua mlango wa kugonga. Nikasema siwezi kumtaja, ni siri ya sadaka, akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "Ng'ombe asiye na mtu ni ng'ombe aliyepotea, Mzee. Wenzangu wataniuliza Pakiteng wako nani, niseme simjui? Watasema Parsimei ameanza kuokota ng'ombe za watu." Akaangalia mkono wangu. "Basi wewe. Wewe umeshika kamba. Pakiteng!" Na hapo ndipo, Bwana, pale palikuwa na nafasi, pumzi moja, ya kusema hapana, na mdomo wangu ulikuwa umefunguka kabisa kusema hapana, na ukasema, "Pakiteng."

Ilikuwa tamu. Ndiyo aibu yenyewe, laiti ingekuwa chungu, ilikuwa tamu kama asali ya nyuki wadogo, nilishuka mlima siku ile nimekuwa mtu mwenye ng'ombe, mimi ambaye mali yangu yote yenye miguu ni kuku. Nikasema moyoni ni jina la muda, kama mtu anavyoshikiliwa kiti, nikasema tena ni kwa ajili ya Parsimei asiitwe mwizi, nikaona hoja hii ni nzuri sana, na bado ni nzuri, ndiyo maana inanitisha. Wamaasai wa upande ule wakija mnadani wakaanza kunisalimu, "Wewe ndiye Pakiteng wa Parsimei?" nami natabasamu tu, sikusema ndiyo, naapa sikusema ndiyo, niliachia tabasamu liseme. Hata Elieshi mke wangu nyumbani, jinsi mdomo wake ulivyo, "Pakiteng, kalete kuni! Pakiteng, huyo ng'ombe wako anakamuliwa wapi, mbona chai yangu ni ya rangi?" na watoto wanakufa kwa kicheko, nami nikamkaripia kwa kudhihaki sadaka, nikamkaripia yeye, wakati yeye peke yake katika Karatu nzima ndiye aliyekuwa anauliza swali la maana... "na uwape wenye mali moyo wa kutoa, Baba, wasijiinue, wala wasitafute utukufu wao"... nakusikia, Elirehema, nakusikia, pita hapo, omba mvua, bado hujaomba mvua.

Na leo ningeweza kumzuia asije, lakini ni mimi tena niliyemwita, nilimwambia Mchungaji tumlete Parsimei atoe ushuhuda, wenye nacho wamwone mtu aliyeinuka kwa ng'ombe mmoja, Patrisi alainike atoe hata mtamba, nikadhani atakuja peke yake na fimbo yake, ataniita Pakiteng nikiwa nimemkalisha mbali, nitakohoa juu yake. Hakuja peke yake. Nimempokea getini, Mama Sylvesta alikuwa jikoni anaangalia maandazi, Sylvesta chini ya lori, hakuna aliyeona, na nyuma ya Parsimei yule ng'ombe mwekundu na paji lake jeupe, amenenepa, kengele mpya shingoni, na nyuma ya ng'ombe ndama jike, mwekundu vilevile, ana masikio mapana kama majani ya maboga. "Umemleta wa nini?" nimemuuliza, na sauti yangu imetoka kali, akasema polepole, "Pakiteng, ndama bado ananyonya, hatembei bila mama yake. Ni wako. Wa kwanza aliyezaliwa anarudi kwa aliyenipa, ili watu waone kamba ina ncha mbili. Usiseme kitu. Nitasema mimi wakimaliza kuomba." Nikataka kusema papo hapo, Bwana, nilikuwa nimeshaanza, "Parsimei, sikiliza..." na mwinjilisti akaita kutoka mlangoni, "Karibuni ndani wapendwa, tuanze na neno la maombi," nami nikaingia. Nikaingia! Nikakaa. Nikacheka kile kibao cha Patrisi, na vichwa vilipoinama nikafumba macho kwa haraka kuliko wote, kama mtoto anayedhani akifumba haonekani.

Ndama sasa. Jina lilikuwa la hewa, lilikuwa linapita, lakini ndama ana kwato. Nikimpokea ndama ni mwizi, hakuna tena hoja nzuri wala mbaya, mwizi aliyeiba kwenye sahani ya sadaka mbele ya mwenye sadaka, na Mama Sylvesta ameketi Karatu tangu enzi za mashamba ya Wazungu, anauza unga kwa Wamaasai, anajua Pakiteng ni nini kuliko mimi, atalisikia neno moja tu na atajua ng'ombe wake alinipa mimi heshima mwaka mzima. Hatasema kitu, ndivyo alivyo, atanimiminia chai. Hiyo chai nitaimezaje. Nikimkataa ndama bila kusema sababu, Parsimei atadhalilika mbele ya matajiri, kumrudishia mtu zawadi ya namna ile ni kumtemea mate. Nikisema mwenye ng'ombe ni Mama Sylvesta, nimevunja siri si yangu, na Sylvesta yupo, na Machame yetu imekwisha. Ningetoka nje sasa hivi? Nitapitaje, magoti ya Patrisi yameziba njia. Nijifanye tumbo? Mzee wa kanisa ajifanye tumbo. Patrisi pumua, pumua ndugu yangu, wewe nilikuona mtu wa majivuno na kibao chako cha ukutani, na kumbe wewe unataka jina lakini utatoa, na huyu mama ametoa na hakutaka jina, na mimi nimechukua jina na sikutoa hata pumba... "tunaomba mvua, Baba, ya wakati wake"... tayari, ameshafika kwenye mvua, baada ya mvua huwa ni wagonjwa, baada ya wagonjwa ni Amina.

Kengele. Inasogea. Haiko tena pale ukutani, nglung, imepita dirisha la kwanza, nglung nglung, na vikwato vidogo nyuma yake, Parsimei hakumfunga, ng'ombe mwenye ndama wa nini kufungwa, hatakwenda mbali maadamu mwenyewe yuko ndani, kumbe huyu hajui, Parsimei hajui, mnyama anazunguka nyumba, anapita kwenye pipa la maji, sasa yuko kwenye kona ya jiko, anakwenda bandani! Anakwenda kwao. Mwaka mzima tumeficha, mimi nimetikisa kichwa kwa Machame, Mama Sylvesta ameingia ndani haraka asionekane machozi, na mnyama asiyejua kusema anakwenda moja kwa moja kwenye hori lake, atatia kichwa chake palepale alipokuwa anatia, na mtu yeyote mwenye macho ataona huyu amezaliwa hapa. Kwa hiyo itajulikana. Kwa hiyo, Bwana, si kwamba nachagua kama ijulikane au isijulikane, ng'ombe ameshachagua, nachagua tu kama nitasema kabla yake au baada yake.

Na kengele imenyamaza. Ametia kichwa horini. Kisha sauti yake, mmoo, moja tu, nzito, ya mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe, na hapo nimesikia kitu kingine, nimesikia kwamba "ee Bwana" ya Mama Sylvesta imekatika. Mwinjilisti anaendelea na wagonjwa wa kifua na wagonjwa wa macho, hakuna anayeitikia. Nikafumbua jicho, nisamehe, wakati wa maombi, nikafumbua yote mawili. Mama Sylvesta ameinamisha kichwa vilevile, macho yamefumbwa, lakini midomo inacheza, haisemi Bwana, inasema "mama," inasema "mama, mama," na uso wote umefunguka kama dirisha la asubuhi. Sikuwahi kuuona uso ule. Nilidhani mama huyu anatoa na kusahau, nilidhani ndio utakatifu, nikamfundisha mimi na darasa langu la nne kwamba atoe afunge mlango, na mwaka mzima amekuwa akipita kwenye banda tupu na hana wa kumuuliza, anakula vizuri? amezaa? ana afya? Na kule juu Parsimei ana maziwa na hana mtu. Tuliwapa ng'ombe na wasiwasi, tukawanyima ndugu, na pale katikati ambapo wangekutana nimekaa mimi nimevimba kama chura barabarani. Mkono wa kuume usijulikane na wa kushoto, sawa, na mimi nilikuwa mkono gani? Mimi nilikuwa kidole kilichovaa pete ya mtu.

Nikamtazama Parsimei, naye hajafumba macho, yeye hajabatizwa, hafumbi, amekaa na fimbo magotini, anasikiliza upande wa banda, kichwa amekiinamisha kidogo, na polepole akageuka akamtazama Mama Sylvesta, midomo ile inayocheza, akamtazama muda mrefu jinsi wafugaji wanavyotazama mnyama wa mbali mpaka wajue ni wa nani, halafu akanitazama mimi. Hakukasirika. Anauliza tu. Ni swali lilelile la siku ile, nimwite nani, na pumzi ni ileile moja, nimerudishiwa, nani mwingine amewahi kurudishiwa pumzi aliyoipoteza. Siri ya mama si yangu kuisema. Lakini uongo ni wangu, huo naweza kuutoa bila ruhusa ya mtu, ndiyo mali yangu pekee yenye miguu. Nitasimama kabla yake. Nitasema, "Parsimei, siyo mimi. Mimi nilishika kamba tu." Basi. Nitakaa. Jina nitaliweka hapo mezani katikati ya vikombe, mwenye kulitaka aliokote mwenyewe, kama ataogopa aogope, nitaogopa naye, na Sylvesta akiuliza Machame nitasema hata hilo nilitikisa kichwa, na Elieshi akicheka nyumbani nitaleta kuni. Nimeshamtikisia Parsimei kichwa, kidogo, kwamba hapana, naye ameshusha macho kwenye fimbo, amesikia, nusu nimeshasema. Basi imetosha, Elirehema, mvua umeomba, wagonjwa umewaombea, mataili umeyaombea, sema Amina, ndugu yangu, sema nikiwa bado na huu ujasiri, maana najijua, haukai... "na tena, Baba, kabla hatujakaa, tunawakumbuka wajane"... sema Amina, mtumishi, sema, maandazi yanapoa, ulimi ninao tayari kwenye meno, siyo mimi, siyo mimi, sema...